KARAKANA YETU: Transfa ya Chuma katika Pikapu Kuukuu



Msomaji wetu mmoja, ambaye hujipatia riziki ya majira ya baridi kwa kuondoa theluji katika viwanja vya maduka hapa Minnesota, ameniletea swali lililonikumbusha hasara yangu mwenyewe. Pikapu yake ni Chevrolet ya mwaka 1984, yenye giaboksi ya mkono ya gia nne. Kila aingizapo fowili na kusukuma rundo zito, husikia mshindo chini ya miguu yake kama wa nyundo juu ya chuma. Je, aitengeneze transfa aliyo nayo, ama aiondoe na kutia iliyo imara zaidi? Zimebaki wiki sita kabla ya theluji, na mkataba wa kazi ameshautia sahihi.

Transfa, kwa wasioijua, ni kile kisanduku kilichofungwa nyuma ya giaboksi, kigawacho nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma. Ya ndugu yetu ni New Process 208. Ganda lake ni la aluminiamu, na nguvu ya kwenda mbele hupitishwa kwa mnyororo. Mshindo anaousikia, kwa kadiri nilivyousikiliza, ni wa mnyororo uliorefuka kwa kuchakaa, unaoruka meno. Chevrolet ilianza kuzitia 208 katika pikapu zake nyepesi mwaka 1981. Pikapu za tani moja ziliachiwa ile ya zamani, 205, ambayo ganda lake ni chuma cha kusubu, na ndani yake hamna mnyororo bali gia zinazoumana. Kwa kazi ya kusukuma theluji mimi naipendelea 205, wala simfichi.

Hata hivyo, aelewe anachokinunua. Katika gia nzito ya fowili, 208 huzidisha nguvu mara 2.61, ilhali 205 huizidisha mara 1.96 tu. Yaani transfa iliyo imara zaidi itampunguzia robo ya nguvu ya kuvuta! Kwa bahati njema giaboksi yake ina gia ya kwanza nzito mno, ya 6.55, hivyo upungufu huo hautamwumiza. Mwenye giaboksi ya otomatiki afikiri mara mbili.

Sasa nieleze hasara yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua 205 katika uwanja wa vyuma chakavu kwa dola 300, fedha niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya karo ya mdogo wangu nyumbani. Niliisafisha, nikaipaka rangi, nikawaita na jirani waitazame. Siku ya kuifunga ndipo nilipogundua kwamba tundu lake la mbele lilikuwa la meno 10, na shafti ya giaboksi yangu ilikuwa na meno 32. Zilikataa kuoana. Ziko 205 za Chevrolet za meno 10, za 27 na za 32, na kwa nje hufanana kama mapacha. Muuzaji alikuwa ameniambia kwamba zote ni sawa, nami sikuinama kuhesabu. Karo ile ilichelewa muhula mzima, na barua aliyoniandikia mama ningali ninayo.

Basi ndugu yetu aifungue kwanza transfa yake, ahesabu meno ya shafti, ndipo aende kununua. Anunue pamoja na adapta yake na mikono yake ya gia, kwa kuwa ya 208 haitafaa.

Jambo la propela ndilo linalowashinda wengi. Katika 208, propela ya nyuma huteleza ikiingia na kutoka katika mkia wa transfa. Katika 205 hufungwa kwa krosi bila kuteleza, kwa hiyo propela yenyewe sharti iwe na kiungo cha kuteleza. Vipimo vichukuliwe gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake. Likining'inia kwenye jeki, ekseli hushuka na kipimo hudanganya.

Oili nayo si moja. 208 hunywa oili nyepesi ya giaboksi za otomatiki. 205 hutaka oili nzito ya gia.

Mwisho, chuma hicho kina uzito wa zaidi ya kilo 50, na nimewaona vijana wakikipokea kwa kifua wakiwa wamelala chini ya gari. Sitaki kumwona ndugu yetu hivyo. Tumeagana kuanza kazi Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, nyuma ya nyumba yangu. Mwenye jeki ya giaboksi na atuazime kwa siku mbili. Tutairudisha ikiwa safi.

Fundi wenu