Anga ya Langoni haina aurora, lakini haijatulia

Aurora, ile mianga ya rangi inayochezacheza karibu na ncha za dunia, si ya kutazamiwa Langoni, Lamu. Dhoruba kubwa ya jua ya Mei 2024 iliishusha hadi ikaonekana Mexico, na bado hapa usiku ulibaki na nyota zake tu. Ndipo wengi wakadhani elimu ya anga ya juu ni ya watu wa nchi za baridi. Rada inawapinga. Mwaka 1947 watafiti wa Jodrell Bank, Uingereza, walinasa mwangwi wa redio kutoka kwenye aurora, na baadaye ikadhihirika kwamba kinachourudisha si mwanga wenyewe. Mwangwi hutoka kwenye mafungu ya elektroni, kiasi cha kilomita 110 juu, mahali umeme unapokwenda kasi hata mkondo wake ukavurugika. Mara nyingi huwa mkali kando ya utepe wa mwanga kuliko ndani yake, kwa kuwa ndani hewa hupitisha umeme kwa wepesi na nguvu inayousukuma hupungua. Basi giza si dalili ya utulivu. Mkondo wa namna hiyo upo juu ya ikweta ya sumaku, inayopita Ethiopia, kaskazini mwetu. Rada ya Jicamarca, Peru, imesikiliza mwangwi wake tangu miaka ya 1960, pasipo aurora yoyote. Jua likishatua, mapovu yenye elektroni chache hupanda mamia ya kilomita na kutanda hadi pwani hii, hasa karibu na Machi na Septemba, yakitikisa mawimbi ya GPS.

Atasema mtu kwamba nahodha anayeujua mlango wa Manda hapotezwi na kosa la GPS la mita chache. Kweli kabisa. Lakini meli kubwa inayoingia usiku katika bandari ya Lamu, iliyofunguliwa Mei 2021, haina nafasi ya kubahatisha. Wengine watakumbusha kuwa setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa 1967 kutoka Ghuba ya Ungwana, karibu na Malindi, kupima hewa ya juu. Ndiyo, ila setilaiti hupita na kwenda zake, rada hukesha. Shirika la Anga za Juu la Kenya liweke rada ya namna hiyo Ungwana, na taarifa yake iwafikie mabaharia kila jioni pamoja na utabiri wa upepo.