Maniema kusini: Ndege zikikosekana, mtoto mchanga anapanda pikipiki

Tangu viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vifungwe mwanzoni mwa mwaka 2025, baada ya waasi wa M23 kuiteka miji ya Goma na Bukavu, mengi yamesemwa juu ya misaada iliyokwama na bei za bidhaa zilizopanda katika soko la Kindu. Yuko abiria mmoja ambaye hatajwi sana. Ni yule asiyekuwa na kiti chake, anayesafiri juu ya magoti ya mama yake.

Kwa familia ya Kasongo au Kabambare, kupanda ndege na mtoto mchanga mara nyingi si safari ya kutembelea ndugu. Ni safari ya hospitali. Mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka, au na miguu iliyopinda, au ambaye kichwa chake kinazidi kukua kwa sababu ya maji, hahitaji tu daktari. Anahitaji daktari wa upasuaji wa watoto. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa mashariki: HEAL Africa mjini Goma, au Panzi mjini Bukavu, hospitali iliyoanzishwa na Dkt. Denis Mukwege mwaka 1999. Huko wagonjwa wa Maniema walikuta watu wanaosema Kiswahili, na wengi walikuta shangazi au mjomba wa kuwapikia.

Leo ndege ya kwenda huko haipo, na barabara inapita katika maeneo yenye makundi ya silaha zaidi ya moja. Njia iliyobaki ni kupanda hadi Kindu, umbali wa zaidi ya kilometa 200 kutoka Kasongo, kisha kutafuta ndege ya Kinshasa. Kwa mama anayetoka Kabambare, ongeza zaidi ya kilometa 100 kabla hata hajafika Kasongo. Safari hiyo ni ya pikipiki: dereva mbele, mama nyuma, mtoto amefungwa kwa kitenge, na mkoba wa nguo umebanwa kwenye kerya. Kipindi cha mvua zinaweza kupita siku kadhaa. Reli ya SNCC ipo, inapita Samba ng'ambo ya Lualaba, lakini hakuna anayepanga safari ya mtoto mgonjwa kwa kungoja gari moshi lile.

Jambo hili la kuchagua kati ya ndege na barabara si letu peke yetu. Mwaka 1989 ndege ya shirika la United ilianguka Sioux City, Marekani, ikiwa na watoto wanne waliopakatwa na wazazi wao. Mmoja alikufa. Tangu hapo wengi, akiwemo mkuu wa wahudumu wa ndege ile, Jan Brown, walidai kila mtoto awe na kiti chake na mkanda wake. FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo, inashauri hivyo lakini mwaka 2005 ilikataa kuifanya kuwa sheria. Hoja yake ilikuwa kwamba familia zikilazimishwa kununua tiketi ya ziada, baadhi zitaacha ndege na kwenda kwa gari, na barabarani wangekufa watoto wengi zaidi ya wale ambao kiti kingewaokoa.

Mtu anaweza kuipinga hesabu hiyo. Lakini ukiileta Kasongo, ambako anayekosa ndege hapandi gari lenye mkanda bali pikipiki, inakuwa na uzito ambao Wamarekani hawakuufikiria.

Ndege gani, na kwa mtoto yupi

Haina maana kwamba kila ndege ni salama. Mashirika yote ya ndege yaliyosajiliwa Kongo yamepigwa marufuku katika anga la Umoja wa Ulaya kwa miaka mingi. Watu wa kusini mwa Maniema hawahitaji Ulaya iwaambie. Wanakumbuka Antonov iliyoanguka karibu na Kongolo, jirani zetu wa kusini, tarehe 26 Agosti 2007 ikiwa njiani kwenda Goma na shehena ya madini ya kasiterite pamoja na abiria. Watu 14 walikufa. Mpaka leo ndege ya mizigo ndiyo inayofika kule ambako ndege ya abiria haifiki, na mama anayekalishwa juu ya magunia hana mkanda wa kujifunga yeye mwenyewe, sembuse wa mtoto.

Kuna hatari nyingine ambayo haizungumzwi kabisa, nayo inahusu hewa. Ndege kubwa za abiria hutunza hewa ndani yake, hata ikiwa juu sana mtu anapumua kama yuko mlimani kati ya mita 1,800 na 2,400. Ndege ndogo kama Let 410 au Cessna Caravan, ambazo ndizo zinazoweza kutua kwenye viwanja vya udongo, hazina mtambo huo. Ndani ni kama nje. Kutoka Maniema kwenda Kivu rubani lazima avuke milima ya Mitumba, na mlima Kahuzi peke yake una mita 3,308.

Mtoto mwenye afya huvumilia. Lakini watoto wetu wanaosafirishwa si wenye afya. Wengi wana malaria iliyomaliza damu, au nimonia. Miongozo ya udaktari wa anga inaonya juu ya kumpandisha ndege mtu ambaye damu yake iko chini ya gramu 7.5 za hemoglobini kwa desilita, hata katika ndege kubwa. Kwa hiyo swali la kwanza la mzazi lisiwe "ndege inaondoka saa ngapi?" bali "mtoto amepimwa damu?" Kuongezewa damu hospitalini Kasongo kabla ya safari kunaweza kumwokoa kuliko kuwahi ndege. Pia mtoto aliyezaliwa juzi asubiri: mashirika mengi hayampokei kabla hajatimiza angalau wiki moja, na kwa aliyezaliwa kabla ya wakati daktari ndiye anayeamua.

Mengine ni madogo lakini mama wengi hawaambiwi. Mkanda wa mama usimzunguke mtoto, maana ndege ikigonga kwa nguvu uzito wa mama ndio utakaomponda; aombe mkanda mdogo wa mtoto unaounganishwa na wake. Ndege inapoanza kushuka, amnyonyeshe. Kumeza maziwa kunafungua masikio, na kilio kile ambacho abiria wengine wanakilalamikia ni maumivu ya masikio.

Karatasi kabla ya nauli

Kwa desturi ya mashirika mengi duniani, mtoto asiyetimiza miaka 2 hulipiwa karibu asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima akipakatwa. Akivuka umri huo analipiwa kiti. Mbele ya meza ya tiketi mama anaweza kuombwa athibitishe umri, na hapo ndipo cheti cha kuzaliwa kinapogeuka kuwa pesa.

Sheria ya Kongo inataka mtoto aandikishwe kwa ofisa wa hali ya kiraia ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, bila malipo. Zikipita, mzazi anapelekwa mahakamani kutafuta hukumu ya kujazia, na hapo gharama zinaanza. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2017 na 2018 ulionyesha kwamba ni karibu asilimia 40 tu ya watoto wa chini ya miaka 5 walioandikishwa nchini. Mama aliyejifungua akiwa amekimbia mapigano karibu na Salamabila hana nafasi nzuri ya kuhesabu siku hizo. Serikali ya jimbo haiwezi kuufungua uwanja wa Goma, lakini kumleta ofisa wa hali ya kiraia siku ya chanjo katika vituo vya afya hakuhitaji mazungumzo ya Doha wala Washington.

Na Kasongo haikuwa nyuma siku zote katika mambo ya watoto. Katika miaka ya 1970 watafiti wa mradi wa Kasongo, uliohusiana na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, walifuatilia chanjo ya surua mjini humo, na matokeo yakachapishwa mwaka 1981 katika jarida la The Lancet. Madaktari wa nchi nyingine walijifunza kutokana na watoto wa mji huu.

Tarehe 30 Oktoba 2025, katika mkutano wa Paris, Rais Emmanuel Macron alitangaza kwamba uwanja wa Goma ungefunguliwa kwa ndege za kibinadamu, mchana tu. M23 ilijibu kwamba haikushirikishwa. Hata kama wangekubaliana siku ileile, ndege za kibinadamu hubeba wafanyakazi wa mashirika na mizigo yao. Mgonjwa hupandishwa pale shirika linapomwombea nafasi, na sharti lake la kwanza ni kwamba kuwe na mtu Kabambare aliyeliandika jina la mtoto huyo kwenye orodha. Hilo gavana na wakuu wa maeneo ya afya wanaweza kulianza sasa: watoto wangapi kusini mwa Maniema wanangoja upasuaji, wako kijiji gani, na nani anayewajua?