Daftari la Kikundi si Mali ya Chifu wala ya Mheshimiwa

Anayesafiri kutoka Machakos kwenda Kitui hupita katika miji midogo ambayo wakubwa wa Nairobi huikumbuka majira ya kura tu. Masii ni mmojawapo, na Wamunyu ni mwingine. Mgeni huona maduka, soko, makanisa na ofisi ya chifu, akaondoka akidhani ameuona mji. Hajauona. Mji wenyewe umo katika vikundi: kina mama wanaochimba matuta kwa zamu, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, vijana wanaojenga bwawa la mchanga mtoni, majirani wanaochangiana gharama za mazishi na ada za hospitali. Hakuna anayelipwa mshahara. Kuna daftari, kuna mweka hazina, na kuna siku ya kukutana.

Wakamba huuita ushirika huo wa kazi mwethya, na historia yake inastahili kusomwa na kila mwanamageuzi. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliiona ardhi ya Machakos kuwa inaangamia kwa mmomonyoko, ikaamua kuwapunguzia wenyeji mifugo kwa nguvu. Mwaka 1938 umati mkubwa uliandamana hadi Nairobi ukiongozwa na Muindi Mbingu. Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini serikali ililazimika kuilegeza amri yake. Baadaye ikaja amri nyingine, ya kuchimba matuta chini ya macho ya machifu. Watu walichimba kwa kinyongo, kama achimbavyo mtu yeyote anayesimamiwa na askari.

Mambo yaligeuka katika miaka ya 1950, mwethya uliporudishwa mikononi mwa wenyewe. Wanachama, wengi wao wanawake, walianza kujichagulia viongozi na kuamua shamba la nani litangulie. Jembe lilikuwa lile lile na mlima ule ule, lakini kazi ilienda. Kati ya miaka ya 1930 na mwisho wa miaka ya 1980 idadi ya watu wa Machakos iliongezeka zaidi ya mara tano, na udongo ukawa umehifadhiwa vizuri kuliko wakati watu walipokuwa wachache. Kila mara tunapoambiwa kwamba mwananchi wa mashambani hajakomaa kwa demokrasia, tunatamani msemaji apelekwe kwenye milima hiyo akatazame.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963 na wito wa Harambee, wananchi walijijengea shule na zahanati kwa mikono yao. Ni aibu ya taifa kwamba wito huo uligeuzwa kuwa kodi isiyo na sheria. Chama kimoja kilipofanywa cha pekee kisheria mwaka 1982, vikundi navyo vilianza kuvutwa chini ya mwavuli wake. Mwaka 1987 Maendeleo ya Wanawake, chama kikubwa kuliko vyote vya akina mama, kilifungamanishwa na KANU. Mwaka uliofuata wapiga kura walipangwa mlolongo, na kuna mahali ambapo mstari mfupi ulitangazwa kuwa ndio mrefu. Wakati huo huo, chini ya miti ya vijijini, kina mama waliendelea kuchagua mweka hazina kwa kuinua mikono, na aliyepata mikono mingi ndiye aliyeshinda.

Msomaji aniwie radhi nikitoka kidogo katika desturi ya ukurasa huu na kusema jambo langu mwenyewe. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi siku naibu wa chifu alipofika na askari wawili katika mkutano wa kikundi cha mama yangu. Aliuliza leseni. Kina mama walimweleza kwamba walikuwa wakihesabu fedha za kununua mabati. Alilichukua daftari, akawatawanya, na daftari halikurudi. Wiki iliyofuata walikutana wawili wawili jikoni, kila mmoja akataja alichokuwa amechanga, na wengine wakamshuhudia. Daftari jipya liliandikwa kutoka vichwani mwao, na nasikia hapakuwa na ugomvi hata wa shilingi moja. Nimesoma sheria chuo kikuu na kusimama mahakamani miaka mingi, lakini sijaona ushahidi uliotolewa kwa uaminifu kuliko ule.

Leseni hizo zilikwisha. Kurudi kwa vyama vingi Desemba 1991, na marekebisho ya sheria ya mwaka 1997, yaliwanyang'anya watawala wa wilaya mamlaka ya kuruhusu au kuzuia mikutano, na nguvu za machifu zikapunguzwa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 36, inampa kila mtu haki ya kuunda chama cha aina yoyote au kujiunga nacho, na inakataza kumlazimisha yeyote kujiunga. Usajili hauwezi kunyimwa wala kufutwa bila sababu ya haki, na haufutwi kabla kikundi hakijasikilizwa. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 inataka wanachama wasiopungua kumi na katiba ya kikundi. Ofisa wa maendeleo ya jamii anayedai jambo lisilomo katika sheria na aombwe aliandike na kulitia sahihi. Mara nyingi kalamu humshinda.

Lakini hatari ya leo haivai sare. Huja na hema, viti vya plastiki na bahasha. Kila uchaguzi unapokaribia, vikundi huzuka ambavyo havijawahi kuchimba hata tuta moja. Vina cheti, vina mwenyekiti, na kazi yake ni kumsubiri mgombea. Vile vya zamani navyo hushawishika. Viti vikishakuja vimechorwa jina la mheshimiwa, nani atamwuliza mwenyekiti aliyevileta hesabu ya mwaka jana? Sheria ya Maadili ya Maofisa wa Umma ya mwaka 2003 iliweka mipaka kwa watumishi wa umma kuhusu michango hii. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais alipiga marufuku maofisa wa serikali kushiriki harambee; Machi 2025 Rais huyo huyo aliahidi kanisa moja la Nairobi shilingi milioni 20. Atakayeingojea Ikulu imkomboe kutoka kwa bahasha atangoja sana.

Hatusemi viti virudishwe. Mwenye njaa hapigiwi hotuba juu ya heshima, na hema la msiba ni hema. Tunachosema ni kwamba zawadi iandikwe daftarini kama mchango wa mtu mwingine yeyote, iwe mali ya kikundi kizima, na mtoaji asipewe sauti katika kuchagua viongozi. Mwenyekiti aliyemaliza muda wake ashuke. Na siku ya mkutano wa mwaka, daftari lisomwe kwa sauti, jina kwa jina, mbele ya wanachama wote, hata kama mheshimiwa amekaa kiti cha mbele akitazama saa na kungoja zamu yake ya kuhutubu. Angoje.