Mlango wa Mgeni Katika Programu Huria

Askari ahamishwapo kutoka Tororo kwenda kituo kingine, hufungasha vyombo na watoto, na si ajabu kadi ya hospitali ya mkewe ikasahaulika nyuma ya kabati. Huko aendako, tabibu huanza kuuliza upya: dawa gani, tangu lini, kiasi gani? Kwa mgonjwa anywaye dawa kila siku, jambo hilo si dogo.

Njia ya kuondoa usumbufu huo ilitafutwa si mbali na Buteba. Mwaka 2004 madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich wa Marekani walifika Eldoret, Kenya, wakaona kuwa mfumo wa kumbukumbu uliokuwapo hautaweza kubeba wingi wa wagonjwa wa UKIMWI. Ndipo ilipozaliwa OpenMRS, programu ya kompyuta ya kuhifadhi kumbukumbu za wagonjwa, ikaanza kutumika Eldoret mwaka 2006. Nchini Uganda, UgandaEMR itumiwayo katika vituo vya afya imejengwa juu yake.

OpenMRS ni programu huria, yaani maandishi yake ya ndani yako wazi. Yeyote aweza kuyasoma, kuyanakili na kupendekeza marekebisho. Kijana wa Buteba hudhani kuwa hapana budi kwanza awe bingwa. Sivyo.

Yampasa aanze kwa kuitumia. Aonapo kitufe kisichofanya kazi, aandike taarifa: alibonyeza nini, alitarajia nini, kikatokea nini. Taarifa ya namna hiyo ni mchango kamili. Ila asithubutu kuambatanisha picha yenye jina la mgonjwa wa kweli. Atumie majina ya kubuni.

Mwenye kuimudu lugha, awe karani au mke wa polisi aliyesomea ualimu, aweza kutafsiri maneno ya programu au kunyoosha maelekezo yasiyoeleweka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilionyesha njia mwaka 2004 ilipotolewa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili.

Ajuaye kuandika programu atafute kazi zilizotiwa alama kwa ajili ya wageni. Achukue moja tu, tena ndogo, na atangulie kusema ameichukua, wasije wawili wakalima shamba moja. Gharama ya intaneti isimtishe mno: chombo kiitwacho Git, alichokiunda Linus Torvalds mwaka 2005, humwezesha kunakili kazi siku aendapo mjini Busia, kuirekebisha nyumbani bila mtandao, kisha kuipeleka safari nyingine.

Wazoefu wataikagua, na huenda wakairudisha mara mbili, tatu, imejaa maswali. Asinune. Programu hii hushika kipimo cha dawa ya mtu. Majibu nayo huweza kuchelewa, maana wengi wa wakaguzi hujitolea. Wiki ikipita, kuwakumbusha kwa adabu si kukosa heshima.