Hot Space haina kosa, kosa ni la masikio yenu

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: Hot Space ya Queen ni albamu nzuri. Sikusema "siyo mbaya sana", wala sikusema "ina nyimbo mbili tatu za kusikilizika". Nimesema nzuri. Naisikiliza mara nyingi kuliko A Night at the Opera, na nimechoka kutazamwa kama mtu aliyekiri ana maradhi ya kuambukiza kila ninapolitaja jina lake mbele ya wapenzi wa roki.

Maana hawa wapenzi wa roki, wa hapa Dar na wa Nairobi ambako ndiko wamejazana, wana mchezo wao. Wanakaa, wanazipanga albamu za Queen kuanzia bora mpaka mbovu, na mkiani lazima ikae hiyo hiyo. Uliza ina kosa gani. Jibu ni moja tangu enzi za baba zao: "Walikwenda disko." Basi, kesi imefungwa, hakuna rufaa. Kana kwamba kumfanya mtu anyanyuke acheze ni kosa la jinai.

Kwa wadau wasioifahamu: ilitoka Mei 1982, ni albamu ya kumi ya studio ya Queen, ikarekodiwa Montreux kule Uswisi na Munich kule Ujerumani, mtayarishaji akiwa Reinhold Mack pamoja na bendi yenyewe. Uingereza ilifika nafasi ya 4, Marekani ikaishia ya 22. Kwa bendi nyingine hizo ni namba za kuchinja mbuzi. Kwa Queen ulionekana msiba, kwa sababu miaka miwili tu nyuma, mwaka 1980, The Game ilikuwa imeshika namba moja nchi zote mbili. Hapo ndipo hekaya ilipozaliwa: disko liliwaua Marekani.

Sasa tuipige hekaya hiyo kwa namba. Mwaka 1984 Queen wakatoa The Works, albamu ambayo kila mtu anaiita ya kurudi nyumbani, magitaa yamerejea, toba imepokelewa. Marekani ilifika nafasi ya ngapi? Ya 23. Yaani moja chini ya ile iliyowaua. Na singo iliyopanda juu zaidi Marekani kutoka ndani ya Hot Space, ukiacha Under Pressure iliyotangulia 1981, ni Body Language, wimbo wenye disko kuliko zote na gitaa kidogo kuliko zote. Ulifika nafasi ya 11 kule, wakati Uingereza uliishia ya 25. Mwenye hesabu tofauti alete.

Halafu kuna hili la "hakuna gitaa". Jamani, mliwahi kuigeuza santuri upande wa pili? Upande wa kwanza ndio wa kucheza: Staying Power, Dancer, Back Chat, Body Language, Action This Day. Nyimbo tano. Upande wa pili unafunguliwa na Put Out the Fire, gitaa zito la Brian May, wimbo unaopinga bunduki mikononi mwa watu. Unaofuata ni Life Is Real, ambao Freddie Mercury aliuandika kwa ajili ya John Lennon, aliyepigwa risasi New York tarehe 8 Desemba 1980. Tazama mpangilio huo: kwanza wimbo wa bunduki, kisha wimbo wa aliyeuawa kwa bunduki. Watu wanaosema albamu hii haina mawazo wanaipita hapo kama daladala inavyopita kituo kisicho na abiria. Baadaye inakuja Las Palabras de Amor, May akiwakumbuka mashabiki wa Amerika ya Kusini ambako bendi ilizunguka mwaka 1981, na ndani yake wanaimba Kihispania. Singo hiyo ilitoka Juni 1982, Waingereza na Waargentina wakiwa vitani kugombea visiwa vya Falkland. Bendi ya Kiingereza, wimbo wa mapenzi, lugha ya adui. Bado mnazungumzia mashine ya ngoma?

Nasema kosa halikuwa kwenye muziki, na nina ushahidi. Bendi hii miaka ya 1970 ilikuwa inaandika kwenye majalada yake kwamba humo ndani hakuna sinthesaiza. Kiapo hicho walikivunja kwenye The Game, wakatumia Oberheim, na hakuna aliyeandamana. Albamu hiyo hiyo ndiyo yenye Another One Bites the Dust ya John Deacon, mpiga besi, mtu mkimya ambaye alikuwa amekaa studio na kina Chic na akaelewa kile Bernard Edwards alichokuwa anakifanya kwa nyuzi nne. Wimbo huo ulishika namba moja Marekani. Vituo vya redio vya Wamarekani weusi viliupiga. Michael Jackson ndiye aliyewasihi wautoe kama singo. Mashabiki wa roki wakaumeza mzima mzima, kwa sababu ulikuwa mmoja, wangeweza kuuita kichekesho. Kilichowaudhi 1982 ni kuona kwamba hawa jamaa hawatanii. Kwamba wanaupenda kweli.

Na chuki hiyo ina anwani. Tarehe 12 Julai 1979, uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, Chicago, mtangazaji wa redio Steve Dahl aliwaita watu walete santuri za disko zikalipuliwe kati ya mechi mbili. Walikuja maelfu kwa maelfu. Zikalipuliwa, watu wakavamia uwanja, mechi ya pili haikuchezwa. Mmoja wa wahudumu wa uwanjani usiku ule alikuwa kijana mweusi, Vince Lawrence, ambaye baadaye akawa miongoni mwa waanzilishi wa muziki wa house. Amewahi kueleza kwamba santuri nyingi zilizoletwa hazikuwa disko hata kidogo, zilikuwa tu za wanamuziki weusi. Disko ulikuwa muziki wa weusi, wa Walatino, wa mashoga waliokuwa hawana pa kuchezea ila kwenye klabu hizo. Aliyesema "disko ni takataka" mwaka 1979 alijua anasema nini. Anayelirudia leo huku Tanzania, na ngozi yake hii kama yangu, angalau ajue anabeba mzigo wa nani.

(Kwa faida ya wanaosema Queen "walipotea njia" Munich: studio ya Musicland ilianzishwa na Giorgio Moroder, na humo ndimo Donna Summer alimorekodi I Feel Love mwaka 1977. Hawakupotea. Waliingia nyumba ya watu na wakawasalimia wenyeji.)

Mjomba wangu ndiye aliyenirithisha albamu hii, kanda ya dukani iliyodurufiwa, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino na herufi moja imekosewa. Yeye wala si mtu wa roki. Ni mtu wa dansi, wa Marijani Rajab na Mbaraka Mwinshehe, na kilichomnasa ni besi. Nadhani ndiyo maana sikufundishwa mapema kwamba ninatakiwa niichukie. Niliisikia kwanza, nikasoma hukumu baadaye.

Nisikilizie Back Chat. Deacon ameuandika, anapiga besi na gitaa la kukwaruza lile la fanki, kavu, la haraka, halichoki. Wimbo ni wa watu wawili wanaojibizana, na huko studio wenyewe walikuwa wanajibizana kweli: Deacon hakutaka solo la gitaa, May alilitaka, wakavutana mpaka likaingia. Lisikilize solo hilo. Linasikika kama mtu aliyekatizwa mara nyingi hatimaye amepewa nafasi aseme. Ningekuwa na uwezo ningelipeleka lifundishwe pale TaSUBa, Bagamoyo.

Au Cool Cat. Freddie na Deacon wameuandika wawili. Deacon anapiga karibu kila chombo. Freddie anaimba sauti ya juu, nyembamba, toka mwanzo hadi mwisho, bila kupiga kelele hata mara moja. Mtu ambaye dunia nzima inamjua kwa kunguruma anaamua kunong'ona. David Bowie alikuwa ameweka sauti humo, kisha akaomba itolewe, na nashukuru aliomba, kwa sababu wimbo ule hauhitaji mgeni. Mgeni anakuja unaofuata, ambao ni Under Pressure, na huo hata maadui wanaupenda. Wanachofanya ni kuuchomoa kwenye albamu, wanasema "ule hauhesabiki". Kwa nini hauhesabiki? Besi yake ndiyo ile iliyomfikisha Vanilla Ice namba moja Marekani mwaka 1990. Uko kwenye jalada. Unahesabika.

Tusidanganyane pia. Dancer ni ndefu kuliko mawazo yake. Calling All Girls ya Roger Taylor inapita na hakuna anayegundua imepita. Lakini nani alisema albamu ya kupendwa lazima iwe haina shimo? News of the World ina mashimo, na hakuna anayeipeleka mahakamani.

Kuna hotuba fupi ya Freddie jukwaani Milton Keynes, tarehe 5 Juni 1982, wiki chache baada ya albamu kutoka. Imo kwenye DVD ya Queen on Fire iliyotolewa 2004. Kabla ya Staying Power anawaambia watu kwamba wanakuja na nyimbo za fanki, za kiasili cha weusi, na kwamba hiyo haina maana wameipoteza roki, hii ni santuri tu, mbona watu mnababaika hivyo. Anasema kwa mzaha lakini mtu anasikia kaudhika. Kisha bendi inaupiga, Deacon kashika gitaa, May anaukanyaga wimbo mpaka unatoa moshi.

Sasa turudi nyumbani, maana ugonjwa huu sisi tunao. Miaka ya 1990, East African Melody na wenzao walipoingiza vinanda vya umeme kwenye taarab na watu wakaanza kunyanyuka kutunza na kucheza, wazee wa Unguja walilia: taarab imekufa, imekuwa rusha roho. Kama kwamba fidla na kanuni, tangu enzi za Ikhwani Safaa mwaka 1905, vilichimbwa Michenzani, havikuja kwa meli. Bongo Fleva ilipoanza ikaitwa muziki wa kihuni. Leo walioitetea Bongo Fleva ndio wanaolalamika kwamba vijana wameiharibu kwa amapiano. Hukumu ni ile ile na hakimu ni yule yule, amebadilisha koti tu.

Na kwa Freddie sisi tuna kesi ya ziada. Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar, 5 Septemba 1946. Familia iliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964. Mwaka 2006 sherehe iliyopangwa Unguja ya kutimiza miaka 60 tangu azaliwe ilifutwa baada ya Uamsho kuipinga. Tangu Novemba 2019 kuna makumbusho yake Shangani, watalii wanapiga picha, na kila Mtanzania mwenye simu anasema "Freddie wetu". Wetu yupi? Yule wa We Are the Champions anayeimbwa kwenye fainali za mpira. Huyu wa Hot Space, wa masharubu, wa jasho, wa klabu za usiku za Munich na New York, huyo hatumtaki. Tunataka sauti, mwili wake abaki nao. Hii ndiyo albamu ambayo hakuficha mwili huo, na sidhani ni bahati mbaya kwamba ndiyo ambayo mashabiki wa Ulaya na ndugu zake wa Unguja wanakubaliana kuizika.

Mnataka kuwakasirikia Queen? Kasirikeni, ninyi ni Waafrika, sababu mnayo na ni nzito. Oktoba 1984 walikwenda kupiga Sun City, Bophuthatswana, wakati wanamuziki wa dunia wameombwa wasikanyage kwa makaburu. Walilipwa, wakapiga. Hilo ndilo la kuwauliza. Ajabu ni kwamba nimekaa na vijana wanaojua kwa ghibu kila kasoro ya Hot Space na hawajawahi kusikia habari ya Sun City.

Haya, kwa atakayejaribu. Anza na Back Chat, uende Cool Cat usiku taa zikiwa zimezimwa, kisha Life Is Real. Staying Power isikilize mbili: ya studio yenye matarumbeta aliyoyapanga Arif Mardin, yule aliyefanya kazi na Aretha Franklin, halafu ya Milton Keynes. Body Language iruke kwa mara ya kwanza, utairudia ukishazoea. Mjomba mpaka leo anasogeza kanda mbele ikifika pale, na nikimuuliza anasema ule si wimbo, ni mtu anahema.