Kabla Hujamnunulia Mkeo Shangingi

Mtaani kwetu Bunju kuna gari limefunikwa turubai la buluu tangu masika yaliyopita. Ni Prado nyeusi. Upepo ukiinua pembe ya turubai unaona namba zilizochongwa kwenye kila kioo na kila taa, kama tunavyofanya wengi hapa Dar es Salaam ili mwizi akose mnunuzi. Tairi moja la nyuma limelala chini. Kwenye mkunjo wa boneti bado kimenasa kipande cha utepe mwekundu wa siku ya kukabidhiwa.

Siku hiyo nilikuwepo. Mama wa nyumba ile alifungwa kitambaa machoni, akatolewa ndani ameshikwa mikono kama bibi harusi, MC akahesabu moja, mbili, tatu. Vigelegele vikapasuka, yeye akalia, mumewe akampa ufunguo huku simu za majirani zikirekodi. Ilikuwa siku njema, na furaha ya mama yule ilikuwa ya kweli. Lakini haikupita miezi mitano tukawa tunamwona alfajiri juu ya bodaboda, anawahi kituoni kugombea daladala ya mjini, na gari lake liko uani. Mke wangu alipomuuliza kulikoni, alijibu: "Dada yangu, siku ya kusifiwa gari ni langu. Siku ya mafuta ni la baba watoto, mpaka nimpigie magoti."

Jibu hilo ndilo lililonikalisha kuandika. Zawadi ya gari tumezoea kuipima kwa bei yake na kwa idadi ya watu walioishangaa. Mimi naomba ipimwe kwa swali moja tu: je, aliyepewa anaweza kuliendesha bila kuomba? Kama hawezi, zawadi hiyo imemwongezea unyonge mbele ya mumewe, na imemwongezea kwa mamilioni ya shilingi.

Tufanye hesabu, maana mapenzi hayakatazi hesabu. Gari lililotumika likitoka Japani hutozwa ushuru wa forodha asilimia 25. Injini ikizidi cc 2,000 kuna ushuru wa bidhaa asilimia 10. Umri wake ukizidi miaka 10, na mengi ya haya tunayoyaita ya kifahari umri huo yameshaupita, kuna uchakavu asilimia 30. Juu ya vyote hivyo inakuja VAT ya asilimia 18. Jumlisha mwenyewe: gari ambalo TRA wamelithamini kwa milioni 40 litadai zaidi ya milioni 42 za kodi kabla halijatoka bandarini. Usione vyaelea, vimeundwa.

Hata hivyo bandari unailipa mara moja tu. Anayerudi kila siku ni muuza mafuta. Prado ya cc 2,700 kwenye foleni ya Tegeta na Mwenge ikikupa kilomita 6 kwa lita, shukuru. Bunju hadi Kariakoo, kwenda na kurudi, ni kama kilomita 60, yaani lita 10. Petroli hapa jijini ilivuka shilingi 3,000 mwaka 2022, ikavuka tena 2023. Basi tushike hiyo 3,000. Ni shilingi 30,000 kwa siku, na kwa siku 22 za kazi ni 660,000. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma, hata baada ya kupandishwa kutoka 370,000 mwezi Julai 2025, ni 500,000. Mshahara mzima wa mtu hauwezi kuifikisha Prado mjini mwezi mmoja! Na tangu bajeti ya 2017/18, serikali ilipofuta ada ya mwaka ya leseni ya gari na kuihamishia kwenye mafuta kwa shilingi 40 kila lita, mwenye injini kubwa anailipa ada hiyo kila anapoingia kituo cha mafuta. Bima kubwa, matairi manne, spea za Gerezani, hayo nayapita. Mwenye gari anayajua, na asiye nalo atayajua.

Jirani yangu, mume wa mama yule, hakuwa mjinga. Alikopa SACCOS kazini, akilini mwake akijua mshahara utamudu marejesho. Hakuhesabu mafuta. Mwezi wa tatu mafuta yakala ada ya shule, ada ikamsukuma kwa mkopeshaji wa mtaani, wale wa kausha damu, na mkopeshaji akataka kadi ya gari. Akampa. Mkewe hakuulizwa, kwa sababu kadi ilikuwa na jina la mume.

Hapo, wanaume wenzangu, ndipo ninapowaomba tusimame kidogo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kwamba mali iliyopatikana katika ndoa kwa jina la mmoja wa wanandoa huchukuliwa kuwa ni yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sheria hiyohiyo inasema kitu ambacho mwanandoa amempa mwenzake ndani ya ndoa huchukuliwa kuwa ni mali ya aliyepewa. Sasa mama yule yuko wapi? Vigelegele vinasema gari ni lake, kadi inasema ni la mumewe, na kadi yenyewe iko kwenye droo ya mtu wa tatu. Zaidi ya hapo, tangu mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Basi hata fedha ya kumnunulia zawadi ina jasho lake ndani. Kumfumba macho wakati fedha hiyo inatumika si haki.

Nayajua majibu. Tutaambiwa barabara za Mabwepande, Chamazi na Toangoma hazipitiki masika bila gari la juu. Ni kweli, na mwanamke anayerudi usiku na watoto anastahili gari lisilozama kwenye dimbwi. Lakini njia hiyohiyo Escudo na RAV4 hupita kila siku, kwa injini ndogo na kwa mafundi walio kila kona. Kinachotupeleka kwenye shangingi si matope. Tunataka tuonekane tumefika.

Ugonjwa huu ni wa zamani. Baada ya Uhuru, wakubwa waliotajirika upesi tuliwaita Wabenzi kwa sababu ya magari yao ya Mercedes-Benz, na Azimio la Arusha la 1967 lilikuja kuwafunga viongozi mikono katika kujilimbikizia mali. Mizengo Pinda alipokuwa Waziri Mkuu aliyakemea hadharani mashangingi ya serikali. Na tulitazame neno lenyewe: shangingi ni gari, na shangingi ni tusi tunalomtupia mwanamke wa anasa. Mume anayemweka mkewe nyuma ya usukani ili mtaa umtazame yeye kupitia kwake, amemfanya mke pambo, na hiyo si heshima. Mwaka 2022 jiji zima lilikuwa likizungumzia Range Rover ambazo mwanamuziki Harmonize alimpa mwigizaji Kajala. Kabla ya mwaka kwisha uchumba ulikuwa umevunjika. Sisemi kwa kuwacheka, maana kila penzi lina maumivu yake. Nasema tu kwamba gari halikuweza kulishika.

Mtu hujikuna ajipatapo. Mwenye uwezo wa kununua, kujaza mafuta na kutengeneza bila nyumba kuyumba, anunue, na Mungu ambariki yeye na mkewe. Huyo simzungumzii. Namzungumzia wewe ambaye mpango wako unaanzia kwenye fomu ya mkopo.

Ndugu yangu, leo jioni ukifika nyumbani, kaa na mama watoto muweke mezani kiasi cha fedha unachotaka kukopa, waziwazi, bila kitambaa wala MC. Mwulize angependa kifanye nini. Huenda akasema kiwanja chenye hati, huenda akataka mtaji wa duka, huenda akataka gari dogo. Akisema bado anataka Prado, pigeni pamoja hesabu ya mafuta ya mwaka mzima, fedha hiyo iwe mkononi mwake, na siku ya kusajili, kadi iandikwe jina lake.