Usiniambie Nifungue Chaneli

Jiji hili lina dawa moja kwa kila kijana aliyesoma sayansi akakosa kazi: fungua chaneli. Umemaliza shahada ya zoolojia, umesambaza barua za maombi mpaka soli za viatu zikaisha, halafu mjomba anakuangalia kwenye harusi, mdomo umejaa pilau, anakuambia, "Si ufungue chaneli? Vijana wa siku hizi wanaomoka huko." Mjomba hajui chaneli inaendeshwaje. Anajua tu kuna mtu mahali alinunua gari kwa kuongea na simu.

Nishaifungua, mjomba. Ni ya baiolojia, kwa Kiswahili, na ina wafuatiliaji mia nane na kitu. Sina ugomvi na video zenyewe. Nilielewa jinsi seli inavyopata nishati nikiwa ndani ya saiba, nikimsikiliza Mmarekani anayeongea kama makanga wa Rongai akitafuta abiria wa mwisho. Ni Hank Green, kwenye Crash Course, mfululizo wa baiolojia wa mwaka 2012, vipindi 40. Darasani mitokondria tuliikariri kama sala. Huyo jamaa ndiye aliyenionyesha kwamba kuna kitu kinachoendelea mle ndani.

Ugomvi wangu ni na hadithi tunayosimuliwa kuhusu watu kama yeye. "Angalia Hank, alianza na kamera tu." Hapana. Kamera tu ilikuwa 2007, yeye na kaka yake John wakitumiana video kama barua. Crash Course ilianza na pesa. YouTube ilikuwa imetenga dola milioni 100 kugharimia chaneli mpya, nao wakapata fungu lao. Fungu lilipokwisha, ikabidi 2013 waunde mtandao wao wa kuwachangisha watazamaji, Subbable, ambao baadaye ulimezwa na Patreon. Yaani elimu ile tuliyoila bure saiba ilikuwa na mtu anayeilipia tangu siku ya kwanza. Kipaji anacho, sikatai. Lakini kipaji kililala kikiwa kimekula.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Emily Graslie, na nitakaa kwake kidogo kwa sababu hapa kwetu hatajwi sana.

Graslie alisomea uchoraji. Shahada yake ya Chuo Kikuu cha Montana ni ya sanaa, si sayansi. Akiwa mwanafunzi alianza kuingia kwenye makavazi madogo ya wanyama ya chuo hicho kuchora mifupa, akanogewa, akabaki akifanya kazi ya kujitolea: kuchuna ngozi, kuchemsha mafuvu, kupanga droo. Hank Green anaishi mji huohuo. Siku moja akaenda kupiga video mle ndani, watazamaji wakamwona yule dada anavyoeleza mfupa kama mtu anayekusengenyea jirani, wakataka zaidi. Januari 2013 ikazaliwa The Brain Scoop, jina la kijiko cha kuchotea ubongo kwenye fuvu. Kwenye video za mwanzo wanampasua mbwa mwitu mezani, hatua kwa hatua, bila muziki wa kutisha.

Hapo ndipo hadithi ya mjomba ingesema: "Unaona? Kamera tu!" Lakini sikiliza kilichofuata. Kabla mwaka haujaisha, Field Museum ya Chicago, mojawapo ya makavazi makubwa ya historia ya asili duniani, ilimwajiri. Walimtungia cheo ambacho hakikuwepo, kama kusema Mwanahabari Mkuu wa Udadisi. Hawakumwambia aje na shahada ya uzamivu. Wanasayansi walikuwa nao tayari, ukutani upande wa pili, wamejaa. Walichokosa ni mtu wa kugonga milango yao, kuuliza maswali ambayo mimi na wewe tungeuliza, na kurudi na jibu linaloeleweka. Walimlipa kwa hiyo kazi.

Angalia mshahara ulichomwezesha kufanya. Novemba 2013 alitoa video akisoma kwa sauti komenti alizokuwa akiandikiwa: kuhusu mwili wake, nguo zake, pua yake, karibu kila kitu isipokuwa mnyama aliyekuwa mezani. Kisha akauliza mbona wanawake wanaoeleza sayansi mtandaoni ni wachache hivyo. Binti anayetegemea kupendwa ili apate kodi ya nyumba hawezi kuwasema wateja wake namna hiyo. Mwaka 2015 aliongoza mchango wa kujenga makao ya maonyesho ya fisi wenye mistari ambao Carl Akeley aliwaleta kutoka Somalia mwaka 1896; watu wa mtandaoni wakatoa zaidi ya dola 150,000. Fisi! Mnyama ambaye hapa tukimtaja ni kutukana mwanasiasa. Mwaka 2020 televisheni ya umma ya Marekani, PBS, ikampa kipindi cha visukuku. Mwaka 2021 akaondoka makavazini, kama mtu yeyote anavyoacha kazi baada ya miaka minane. Ndiyo maana naiita kazi. Ina kuingia na kutoka, na katikati kuna payslipu.

Sasa njoo hapa.

Ili YouTube ikugawie pesa za matangazo kwa video ndefu, lazima uwe na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka. Sawa, sheria ni sheria. Lakini ukishaingia, mtazamaji wa Kayole hana bei sawa na mtazamaji wa Chicago, kwa sababu mwenye tangazo analipia mfuko wa anayetazama. Piga hesabu. Ukieleza baiolojia kwa Kiswahili, kwa watu wa hapa, kuhusu wadudu wa hapa, umechagua soko linalolipa kidogo kuliko yote. Ukitaka kula, ongea Kiingereza cha puani na ueleze dubu. Soko likiachwa peke yake, kila Mkenya mwenye kipaji cha kufundisha viumbe ataishia kuwafundisha Wamarekani viumbe vyao.

Video yangu iliyoenda mbali zaidi ni ya Nairobi fly. Unamjua: mvua ikinyesha anakuja kwenye taa, mwekundu na mweusi, asubuhi mtu anaamka shingo kama imemwagiwa maji moto. Nilieleza kwamba si nzi hata kidogo, ni mbawakawa. Haumi. Sumu iko ndani ya mwili wake, inaitwa pederini, na inatengenezwa na bakteria wanaoishi ndani yake, si yeye. Kwa hivyo ukimpiga kofi umejipaka mwenyewe. Mpulize aende zake, kama umeguswa osha kwa sabuni, na usiguse jicho. Dakika mbili na nusu. Ilizunguka kwenye WhatsApp za makanisa na za chama mpaka ikanirudia kutoka kwa shangazi yangu wa Kitale, ambaye hakujua ile sauti ni yangu. Mapato yangu kutoka kwa hiyo video: sufuri. WhatsApp hailipi mtu.

Usidhani nalia. Hiyo video ilifanya kazi ya afya ya umma. Ninachouliza ni kwa nini kazi ya umma inategemea bando langu.

Maana serikali imeshaitambua hii kazi, ila kwa upande mmoja tu, upande wa kukata. Sheria ya Fedha ya 2023 ilianza na pendekezo la kutoza waunda maudhui 15%, ikapita ikiwa 5%. Mtu anayejua kututoza anashindwaje kutuajiri?

Nao wanaotuita hawana tofauti. Taasisi moja kubwa ya umma, ambayo sitaitaja, iliniita nirekodi video za siku yao ya wazi. Siku tatu za kupiga picha za vichuguu vya mchwa, usiku nne za kuhariri. Malipo: fulana, cheti chenye sahihi ya mkurugenzi, na mia tano ya fare. "Utajulikana," akaniambia afisa wao, kwa uso wa mtu anayetoa zawadi. Kwenye tukio lenyewe kulikuwa na kampuni ya kamera mbili na drone, imelipwa kurekodi mkurugenzi akipanda mti.

Hapo ndipo ninapowajibu wanaosema pesa hakuna. Najua wimbo wao: nchi ina wauguzi wasioajiriwa, wewe unataka mtu alipwe kuonyesha popo? Bana, kamera zipo. Bajeti ya mawasiliano ipo. Fungua ukurasa wa taasisi yoyote ya utafiti hapa nchini uhesabu: mgeni akipokewa, kitabu cha wageni kikitiwa sahihi, warsha Naivasha. Pesa ya video inatoka kila wiki. Inalipia uso wa bosi.

Na kuhusu wauguzi, kumbuka 2014, maaskofu wa Kanisa Katoliki walipodai kwamba chanjo ya pepopunda waliyokuwa wakipewa wanawake imetiwa homoni ya hCG. Wizara ya Afya ikakanusha. Ugomvi ukakaa magazetini kwa wiki. Wangapi kati yetu walikuwa wameelezwa hCG ni nini, inapimwaje, na kwa nini kipimo kilichoundwa kwa mkojo au damu kinaweza kukuchanganya ukikiwekea kitu kingine? Mama aliyebeba mimba Dandora aliachwa achague kati ya padri anayemwamini na daktari asiyemfahamu. Mtu wa kumweleza, kwa sauti aliyoizoea kabla ya vita kuanza, hakuwepo. Huwezi kumtafuta siku ya mkutano na wanahabari. Anafaa awe amekueleza popo, fisi, minyoo na chachu ya mandazi miaka mitano nyuma, mpaka umezoea kumsikiliza.

Tuna vitu vya kueleza, hiyo isikusumbue. Pale Museum Hill kuna mifupa ya Kijana wa Turkana, ya miaka kama milioni 1.5, ambayo kipande chake cha kwanza kilionwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, kidogo kuliko kisanduku cha kiberiti, kwenye kokoto za rangi ileile. Jicho gani hilo? Hiyo peke yake ni vipindi vitatu. Kuna sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya rais. Na nyuma ya milango ambayo mwanafunzi wa basi la shule haioni kuna droo baada ya droo za ndege, wadudu na mimea iliyokaushwa, pamoja na watu waliozitunza maisha yao yote na ambao hakuna aliyewahi kuwaelekezea kamera.

Field Museum ile ya Graslie ndiyo inayokaa na simba wawili wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898. Patterson aliwaua, akawafanya mazulia, kisha 1924 akawauza Chicago kwa dola 5,000. Alidai walikula watu 135. Utafiti wa 2009 ulipima kemia ya mifupa na manyoya yao ukakadiria kama 35. Mwaka 2024 watafiti wakachomoa nywele zilizokwama kwenye meno yao yaliyovunjika, wakapata DNA ya binadamu, twiga, pundamilia, nyumbu. Wanasayansi wa Kenya walikuwa kati ya waandishi. Uliisikia kwa Kiswahili? Kurudishwa kwa hao simba ni ugomvi mwingine, na upande wangu unaujua. Ila hata wakirudi kesho, nani atawaeleza?

Graslie angekuwa hapa, kwenye shule zetu mpya za upili, Gredi ya 10 angewekwa kwenye mkondo wa sanaa na michezo, na fuvu la mbwa mwitu angelisikia kwa wenzake wa STEM. Hilo nalo lirekebishwe, lakini halihitaji kusubiriwa.

Kinachohitajika ni nafasi moja ya kazi. Makavazi ya Kitaifa watoe tangazo kwenye MyGov siku ya Jumanne, kama wanavyotangaza za madereva. Mwelezaji wa viumbe, nafasi moja, mkataba wa miaka mitatu. Shahada yoyote, au bila shahada kama kazi yake inaonekana. Awe anaweza kusema kimeng'enya na usanisinuru bila aibu, na kuvieleza kwa mtu ambaye hajawahi kuvisikia. Asiogope harufu. Awe na ufunguo wa droo na ruhusa ya kugonga mlango wowote. Asilazimishwe kurekodi mkurugenzi. Mshahara uandikwe kwenye tangazo, sio "kulingana na tajriba".

Mjomba, hiyo ikitoka nitumie picha. Nitaomba, pamoja na wengine kama elfu tatu.